Programu Zinavyongojana Ndani ya Kompyuta

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme habari za kazi yangu serikalini. Nitasema jambo moja tu, nalo ni kosa langu mwenyewe.

Seva nyingi za maofisini hutumia Linux, na katika nyingi ya hizo yuko msimamizi aitwaye systemd, aliyeanza kutengenezwa mwaka 2010. Mashine ikiwashwa, yeye huamka kabla ya programu nyingine, ndiyo maana hupewa namba 1. Kila anachokisimamia, iwe huduma au diski, hukiita yuniti, na kila yuniti ina hali yake: imelala, inaamka, iko kazini, inazimika, au imeshindwa. Ukimwagiza aiamshe mojawapo, hakurupuki. Huiandika kazi hiyo kwenye foleni pamoja na kazi za yuniti nyingine zinazotakiwa, akatazama kama zinagongana. Akikuta mbili zinangojana zenyewe kwa zenyewe, hutafuta kazi isiyo ya lazima aitupe. Asipoipata hukataa agizo zima.

Sasa kosa. Nilikabidhiwa programu ya malipo ya wastaafu, ambayo haiwezi kitu bila hifadhidata. Nikaandika katika faili yake neno Requires, yaani inaihitaji hifadhidata, nikadhani nimemaliza. Kumbe kwa systemd kuhitaji ni jambo moja na kutangulia ni jingine. Requires peke yake huziamsha zote mbili kwa pamoja. Ili moja iingoje nyingine sharti uongeze neno After. Na After peke yake haimwiti mtu, hupanga zamu tu. Tuliokuwa viranja wa jikoni tunaelewa: kuandika kwamba uji unahitaji maji si kusema maji yachemke kwanza.

Miezi mingi ilikwenda salama, maana hifadhidata ilikuwa ndogo na iliwahi kuamka. Siku moja umeme ukakatika ghafla. Uliporudi, hifadhidata ikachukua muda kujikagua. Programu yangu ikabisha hodi, ikakosa jibu, ikaanguka. Hali: imeshindwa. Wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi tangu alfajiri, na mmoja wao alikuja na nauli ya kwenda tu. Nikaiamsha kwa mkono, ikakubali, nikajisifu. Wiki iliyofuata umeme ukakatika tena, nayo ikaanguka tena.

Aliyegundua ni kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo. Mimi nilikuwa nikitazama hali ya wakati ule tu. Yeye alisoma dakika na sekunde katika kumbukumbu za kuamka. Tukaongeza After. Bado! Faili ya hifadhidata ilikuwa ya aina ya simple, ambayo systemd huihesabu kuwa iko kazini mara tu inapozinduliwa, hata kama haijawa tayari kupokea mtu. Tukaibadili kuwa notify, ambapo hifadhidata yenyewe hupeleka taarifa kwamba iko tayari, na hapo ndipo programu yangu huruhusiwa kuamka.

Yule mzee tulimchangia nauli. Kijana naye tulimwomba abaki, na siku hizi ndiye anayekagua faili zangu kabla sijazipeleka kwenye mashine. Ninyi wanafunzi mkipata kompyuta yenye systemd, andikeni amri hii: systemctl list-dependencies. Mtaona mti mzima, nani anamhitaji nani. Kisha ulizeni nani anamngoja nani, maana mti huo hausemi.