Pima mchanga kabla lori halijamwaga

Chembe ya mchanga haizidi milimita 2. Ya udongo wa mfinyanzi iko chini ya milimita 0.002, chekeche haiikamati, hupimwa kwa kasi ya kuzama majini.

Anayejenga Tegeta au Mbagala anaweza kujaribu nyumbani. Tia mchanga hadi nusu ya chupa angavu, ongeza maji, tikisa, iache itulie. Mchanga hutua haraka, tope laini hujipanga juu yake. Maji yakiwa bado machafu kesho yake, kuna udongo wa mfinyanzi. Huo huzuia saruji kushika mchanga, na ukuta hudhoofika. Mchanga wa namna hiyo ukatae.