Sauti za Accra, Chennai na California

Msikilizaji, mgonjwa wa skizofrenia anaposikia sauti, sauti hizo humwambia nini? Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann na wenzake waliwauliza wagonjwa 60: 20 wa San Mateo, California, 20 wa Accra, Ghana, na 20 wa Chennai, India. Wamarekani wengi walisimulia sauti za chuki, mateso na vita. Chennai, wengi walisikia jamaa zao wakiwakaripia na kuwaagiza kazi za nyumbani. Accra, wengi walimsikia Mungu. Sauti za kutisha zilikuwepo kote, ila hazikutawala kwa kiasi kilekile. Basi ndugu yako akikuambia anasikia watu, tafadhali usimcheke wala kumfungia ndani. Muulize ni nani, wanasema nini, kisha mfuatane hospitali, daktari naye ayasikie hayo.