Kibaba Hakiwi Kisaga

Januari 2025, mjini Las Vegas, Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya Nvidia, alipanda jukwaani na koti lake la ngozi linalometameta, akatangaza kwamba kadi mpya ya grafiki, RTX 5070 ya dola 549, itafikia nguvu za RTX 4090, iliyotoka 2022 kwa dola 1,599. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Siri ya nguvu hizo ni hii: kadi ikishachora picha moja, akili mnemba inabuni hadi tatu za kujazia. Machoni mchezo unateleza. Lakini ukibonyeza kitufe, zinazoitikia kidole chako ni zile picha za kweli tu. Halafu kuna kumbukumbu: gigabaiti 12 za 5070 dhidi ya 24 za 4090. Tangu lini kibaba kikawa kisaga?



Machi mwaka huo wapimaji huru walizima picha za kubuni, na 5070 ikaachwa mbali na 4090. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji: kasi hii imepimwa picha za kubuni zikiwa zimewashwa au zimezimwa?