Tuwaulize Wazee Wenyewe

Mazungumzo na wakuu wa familia zilizohama na viongozi wa kamati, juu ya kuchunguza hali ya wazee wakati wa magonjwa ya mlipuko

 

Leo tunataka kuzungumza juu ya watu wanaoketi nyuma kabisa katika mikutano yetu, au wasioweza kufika kwa sababu miguu imechoka. Ni wazee wetu.

Sote tunakumbuka. Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika na Ituri. Ilipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287. Na kabla haijaisha, Korona iliingia. Mgonjwa wa kwanza katika Kongo alijulikana Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa, makanisa na misikiti ikafungwa, na tarehe 24 Machi Rais akatangaza hali ya dharura.

Waliokufa walihesabiwa. Lakini mzee aliyebaki hai, aliishi namna gani? Nani alimwuliza?

Katika familia moja tuliyotembelea, tulimwuliza mkuu wa nyumba hali ya mama yake. Akajibu: "Mama yuko vizuri, anakula." Tukaandika hivyo, tukasimama kuondoka. Mwenzetu mmoja akaomba ruhusa ya kumsalimia huyo mama. Alikuwa ameketi peke yake nyuma ya nyumba. Akatuambia kwa lugha yake kwamba tangu Korona ilipokuja, wajukuu hawalali naye tena, wala hakuna anayempa mkono. Hakuna aliyemweleza sababu. Yeye alifikiri wanamwona mchawi. Mwanawe aliposikia, alilia. Yeye alikuwa anamlinda mama yake. Mama aliona anatupwa.

Jibu letu la kwanza halikuwa uongo. Lakini hayakuwa maneno ya mama.

Ndugu zetu, jambo hili ni la amani pia. Tunajua kwamba kifo kisichoeleweka kinapoingia katika kijiji, mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa mzee, hasa mama mjane. Tena, mazishi salama ya wakati wa Ebola yalizuia kuosha na kugusa maiti. Yaliokoa watu wengi. Lakini mzee aliyezoea kuongoza kilio na kupatanisha ndugu mbele ya kaburi, siku hiyo alisimama mbali, bila kazi. Asiposikilizwa, nyumba inapoteza mpatanishi.

Makosa ambayo tunapaswa kuyaepuka

Kwanza, kuuliza kwa simu tu. Wakati wa Korona watafiti wengi walipiga simu kwa sababu hawakuweza kusafiri. Lakini mzee asiye na simu, au asiyesikia vizuri, hahesabiwi.

Pili, kumwuliza mtoto badala ya mzazi. Mmeona tulivyokosea sisi wenyewe.

Tatu, kuacha mahali pa umri wazi. Umoja wa Mataifa kwa kawaida unamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Wengi wetu tumepoteza karatasi njiani. Basi tuulize kwa matukio: "Ulizaliwa kabla ya Uhuru?" Aliyezaliwa kabla ya tarehe 30 Juni 1960 alikuwa ametimiza miaka 60 mwishoni mwa Juni 2020. Uasi wa mwaka 1964 na mlipuko wa Nyiragongo wa mwaka 1977 vinaweza kutusaidia pia.

Maswali ya kuuliza

Shirika la Afya Duniani lina maswali matano mafupi yanayotumika katika nchi nyingi. Mtu anaulizwa juu ya majuma mawili yaliyopita: Je, ulikuwa na furaha moyoni? Ulikuwa na utulivu? Ulijisikia una nguvu? Uliamka ukiwa umepumzika? Siku zako zilikuwa na mambo yanayokupendeza? Kila jibu lina alama kuanzia 0, maana yake hata mara moja, mpaka 5, maana yake wakati wote. Kwa asiyesoma, weka punje tano za mahindi mbele yake, achague mwenyewe.

Maswali hayo ni mazuri, lakini hayatoshi kwetu. Hayaulizi juu ya njaa wala juu ya kuhama. Tuongeze haya: Nani anazungumza nawe kila siku? Je, ulielezwa sababu ya makatazo? Uliwalilia wafu wako? Kuna anayekusema vibaya? Nani bado anakuja kukuomba shauri?

Tena, tusingoje ugonjwa mwingine. Uingereza wana uchunguzi unaowafuata watu wa miaka 50 na zaidi tangu mwaka 2002. Kwa hiyo, Korona ilipofika waliweza kulinganisha hali ya watu wale wale kabla na baada. Kamati isiyo na daftari la zamani haiwezi kulinganisha. Na magonjwa hayajaisha njiani: tarehe 14 Agosti 2024 ulimwengu ulitangaziwa dharura ya mpox, na Kivu ya Kusini ilikuwa kati ya sehemu zilizoguswa sana.

Heshima kabla ya kalamu

Mzee aombwe ruhusa yeye mwenyewe, kwa lugha yake, na akikataa aachwe kwa amani. Aketi mahali ambapo wengine hawamsikii. Akitaka mjukuu awe karibu, ni haki yake. Tusimwahidi unga wala hema ili ajibu. Tusiandike kabila lake wala jina lake katika karatasi ya majibu, kwa sababu vita inaweza kuipeleka karatasi hiyo katika mikono mibaya. Na majibu yakiisha kukusanywa, tuyarudishe kwa wazee tuwaeleze tulichoelewa. Kuchukua maneno ya mtu na kupotea nayo ni aina ya wizi.

Ninyi viongozi, hatuombi jambo kubwa. Kila kamati iwe na orodha ya wazee wake, iliyotunzwa vizuri na kwa siri, na mtu mmoja wa kuwatembelea. Ugonjwa ukija, wazee waelezwe makatazo kwanza, wala si mwisho. Hii si huruma tu. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inampa mzee haki ya ulinzi wa pekee. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu waliohama ndani ya nchi zao zinawataja wazee pia, katika kanuni ya 4.

Leo jioni, mkirudi nyumbani, anzeni na swali moja. Ketini chini karibu na mzee wenu, mwulizeni: "Wakati ule wa Korona, wewe uliishije?" Kisha nyamazeni, msikilize.

Amani iwe nanyi.