Sahihi, Lakini Polepole

Ukitaka kumtambua mtoto mwenye disleksia katika darasa la Kiswahili, kuhesabu makosa yake hakutakusaidia sana. Tazama saa.

Maandishi yetu hayana hila. Ba ni ba popote utakapoikuta, na mtoto akishazijua silabi anaweza kulifungua karibu neno lolote, hata lile asilojua maana yake. Kwa hiyo mtoto huyu anasoma, tena anasoma sawa. Mpe sentensi hii: wanafunzi walipokusanyika uwanjani, mvua ilianza kunyesha. Utamsikia: wa-na-fu-nzi… wa-li-po-ku-sa-nyi-ka… Hakuna silabi iliyokosewa. Sasa muulize ni akina nani waliokusanyika. Atarudi mwanzo wa mstari kuwatafuta, maana nguvu zote zimeishia kwenye herufi. Wenzake wamekwishafunga vitabu.

Mwalimu mwenye darasa lililofurika atafanya nini? Amesikia maneno sahihi, anampita. Halafu, hapa Kenya, Gredi ya Nne inaingia, masomo yanageuka Kiingereza, lugha ambayo herufi zile zile hubadili sauti kila zinapobadili jirani. Mtoto anaporomoka, na nyumbani anaanza kuitwa mvivu. Mimi nasema tatizo halikuanza Gredi ya Nne. Lilikuwapo tangu silabi za kwanza, ila lilikuwa halipigi kelele.

Na si la kwetu peke yetu. Kiitaliano nacho husomwa karibu kama kinavyoandikwa. Mwaka 2001 watafiti walilinganisha Waitaliano, Wafaransa na Waingereza wenye disleksia. Waitaliano walisoma kwa usahihi zaidi, lakini picha za ubongo zilionyesha wote wana upungufu ule ule.

Kwani disleksia yenyewe ni nini? Kwa kifupi, ni ugumu wa kuzichambua sauti za maneno na kuziunganisha na herufi kwa wepesi. Huzaliwa nayo mtu, na mara nyingi hutembea katika ukoo, kwa hiyo kabla hujamgombeza mwanao, mkumbuke yule mjomba ambaye husomewa barua zake na mkewe. Haipimi akili. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Hesabu za aljebra alizifanya bila shida, lakini jina lake mwenyewe aliliandika Precy, asione kosa mpaka aambiwe zaidi ya mara moja. Mwalimu wake alishuhudia kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, huyu angekuwa mwerevu kupita wote shuleni.

Sasa kupima. Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu tangu mwaka 1984, vile ambavyo wazazi wengi huviita EARC, na viko katika kaunti zote. Wengi hudhani ni vya watoto wasioona au wasiosikia tu. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, au mwalimu mkuu akuandikie barua. Kwanza macho na masikio yachunguzwe, ili yasibebeshwe lawama isiyo yao. Baada ya hapo hakuna sindano wala mashine. Mtoto huketi na mtathmini, akasoma kwa muda uliopimwa, akaandika imla, akataja picha au rangi upesi upesi. Atapewa maneno ya kubuni, kama fubeto au sadolipu, ambayo hakuna aliyewahi kuyakariri. Ataambiwa: sema kalamu, sasa iseme bila ka. Mtoto wa pwani hapo hucheka, kumbe jibu ni Lamu.

Jambo moja ulishikilie: vipimo vingi vilitungwa Uingereza na Marekani. Mtoto anayezungumza Kiswahili au Kikamba nyumbani, akipimwa kwa Kiingereza peke yake, hujui umepima nini. Omba asome kwa Kiswahili pia, na muda wake uandikwe. Na usikubali kuambiwa asubiri, atakua. Jibu la uhakika hupatikana vizuri zaidi akiwa amefundishwa kusoma kwa mwaka mmoja au miwili, lakini msaada hauhitaji cheti: silabi zifundishwe kwa mpangilio, zirudiwe kila siku kidogo kidogo, asisomeshwe kwa sauti mbele ya darasa bila kujiandaa.

Ripoti ikitoka, usiifungie kabatini. Nakala moja mpe mwalimu wa darasa, na ketini pamoja muisome. Nyingine itahitajika mbele, kwa sababu maombi ya muda wa ziada katika mtihani wa taifa hupitia shuleni wakati wa usajili. Wiki ya mtihani utakuwa umechelewa.