Askari Tuliozaliwa Nao

(Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kitale)



Mwenyekiti ameniagiza niseme machache juu ya afya kabla ya hesabu za mwaka kusomwa. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kushika vitabu vya Chama. Lakini mwenye kuandika matumizi huona mambo ambayo wengine hawayaoni. Kila nifunguapo daftari naliona fungu lile lile likikua: gari la kumchukua mgonjwa, bei ya dawa, na mara nyingine gari la kurudisha maiti nyumbani Bungoma kwa barabara ya Kiminini na Kamukuywa. Nami nikizisoma tena barua za maombi, nyingi zaanza kwa jambo dogo: alikanyaga msumari, mtoto alipatwa na homa kidogo, tulidhani itapoa yenyewe.

Maneno hayo, "itapoa yenyewe", ndiyo nataka tuyachunguze leo, kwa kuwa ndani yake mna ukweli, na ndani yake mna hatari.

Kwanza ukweli. Wazee wetu waliishi katika maboma yaliyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, na mlangoni walikuwako walinzi. Mwenyezi Mungu ameujenga mwili wa binadamu kwa mfano huo. Ukuta wake ni ngozi, ambayo vijidudu vingi vya maradhi haviwezi kuipenya ikiwa nzima. Mahali penye milango pana ulinzi wa namna nyingine. Machozi yana dawa ya kuua baadhi ya vijidudu, kama alivyogundua Alexander Fleming katika miaka ya 1920 na kitu, kabla hajaigundua penisilini. Ndani ya njia ya pumzi mna ute wa kunasa vumbi na vijidudu, na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo husukuma ute huo kwenda juu mchana na usiku, mpaka tuuteme au tuumeze. Na tukiumeza, tumboni mna maji makali ya asidi yanayoangamiza vijidudu vingi vilivyomo.

Je, adui akivuka ukuta? Mwaka 1882 mtaalamu mmoja mzaliwa wa dola ya Urusi, Élie Metchnikoff, alikuwa akikaa Messina, katika nchi ya Italia. Alitwaa watoto wa kiti cha pwani, mnyama wa baharini, ambao miili yao ni myangavu kama kioo, akawachoma kwa miiba midogo. Kulipokucha akatazama kwa darubini, akaona chembe hai zimekusanyika kuuzunguka mwiba. Akafahamu ya kuwa mwili unao askari wake, ambao huuendea uvamizi na kumla adui. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Huzaliwa katika uboho wa mifupa, na katika tone la damu lenye ukubwa wa milimita moja ya ujazo huwamo kiasi cha 4,000 hadi 11,000 kwa mtu mzima mwenye afya. Walio wengi kati yao huishi muda mfupi tu. Huingia vitani, humeza vijidudu, nao hufa papo hapo. Usaha tuuonao katika kidonda ni mizoga ya askari hao pamoja na ya adui zao.

Watu waliuliza kwa miaka mingi: askari huyu amtambuaje adui ambaye hajapata kumwona? Jibu lilipatikana karibu na mwisho wa karne iliyopita. Jules Hoffmann alilichunguza jambo hilo katika nzi mwaka 1996, na Bruce Beutler katika panya mwaka 1998, nao walishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Walionyesha kwamba chembe za ulinzi zina vipokezi juu yake, ambavyo hutambua alama zilizo za vijidudu na zisizokuwamo katika mwili wetu. Mtoto mchanga huzaliwa na vipokezi hivyo tayari. Hafundishwi na mtu.

Mlinzi akiisha kuiona alama hiyo hupiga kelele. Mishipa ya damu hupanuka, maji na askari hutoka kwenda mahali pa vita, na sisi twaona wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Vita vikiwa vikubwa, habari hufika hata kwenye ubongo, nao huupandisha moto wa mwili mzima. Hiyo ndiyo homa. Ni baragumu ya hatari, na mwenye busara akisikia baragumu hutoka nje kutazama kuna nini.

Sasa nije kwenye hatari, nami nitasema habari ya nyumba yangu mwenyewe.

Mwanangu wa miaka minne alizaliwa na kulelewa hapa Kitale. Mwezi wa Desemba tulimpeleka kwa nyanya yake Bungoma, wala hatukuchukua chandarua. Baadaye akashikwa na homa. Mimi nilisema, "Sisi tulikulia hapa, damu yetu yaijua homa hii." Tukangoja siku mbili. Siku ya tatu mtoto hakutujua tena. Alitiwa damu hospitalini, na kwa rehema za Mungu yu hai. Lakini tangu siku ile nimetaka kujua kosa langu lilikuwa wapi.

Nimelijua. Mbu akitema malaria mwilini, vijidudu hivyo hukimbilia katika ini kwa muda mfupi sana, kisha hutoka na kujificha ndani ya chembe nyekundu za damu, ambamo askari huwaona kwa shida. Mtu aliyekulia Bungoma, penye malaria nyingi, ameugua mara kwa mara, na mwili wake umejifunza polepole. Kinga hiyo ya kujifunza haipiti kwa baba kwenda kwa mwana kama jina la ukoo. Hapa Kitale tuko juu zaidi, penye baridi, na malaria ni chache kuliko kule. Mwanangu alikuwa na askari aliozaliwa nao tu, nao kwa malaria kali hawatoshi.

Hata hivyo wazee wanaosema kwamba kuna damu inayostahimili malaria hawakukosea kabisa. Anthony Allison, aliyekulia katika nchi hii ya Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949. Aliona kwamba wenye kurithi chembe za damu za umbo la mundu walikuwa wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache mno nyanda za juu. Mwaka 1954 alitangaza kwamba aliyerithi asili hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Sababu mojawapo ni kwamba chembe iliyoingiwa na kijidudu hujikunja, nao askari walio katika bandama huikamata na kuiondoa. Lakini aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hupatwa na ugonjwa mzito wa selimundu, na bandama yake huharibika mapema, hata vijidudu vingine humshambulia kwa urahisi. Wazazi wote wawili wakiwa nayo kwa upande mmoja, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa huo. Wala hapana awezaye kujua hali yake kwa kutazama ukoo. Hujulikana kwa kupimwa damu.

Mwaka 1895 ngome ya Chetambe, karibu na Webuye, ilianguka. Walinzi wake hawakuwa waoga. Walikutana na silaha zilizowashinda nguvu. Tusiwalaumu askari wa mwili, wala tusiwaache peke yao.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusibomoe ukuta. Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, lisipakwe udongo wala mavi ya ng'ombe. Na aliyechomwa na msumari aende kuuliza sindano ya pepopunda. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pili, tuwaondoe watoto katika moshi wa jikoni, maana moshi hudhoofisha vile vinyweleo vya njia ya pumzi. Tatu, maziwa ya kwanza ya mama, yale ya manjano, yasimwagwe. Yana kinga nyingi kwa mtoto. Nne, tupeleke watoto kupata chanjo, ambayo ni shule ya askari wale wenye kujifunza. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa magharibi ya Kenya mwaka 2019, na Bungoma ni miongoni mwa kaunti zilizotangulia. Tano, mtoto wa Kitale akienda Bungoma alale ndani ya chandarua, na akipatwa na homa apimwe siku ile ile.

Kwa kumalizia, Bwana Mwenyekiti, natoa shauri. Kwa desturi yetu fedha za mazishi hutolewa usiku ule ule, lakini nauli ya mgonjwa hungojea kikao cha kamati. Naomba mkutano huu ukubali kwamba nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitalini itolewe na Mweka Hazina siku inapoombwa, na hesabu yake ipelekwe kwa kamati baadaye. Nitafurahi kuandika fungu hilo likiongezeka, ikiwa lile jingine litapungua.

Mungu aubariki Chama chetu.