Sumu Isiyokufa kwa Moto: Kutoka Kome wa Baharini hadi Mahindi ya Witeithie

Mwenyekiti, wahudumu wa afya ya jamii, na akina mama mliofunga vibanda ili mfike hapa,

Mada niliyopewa ni sumu za chaza na kome. Najua hapa Witeithie hatuli kome, lakini nivumilieni kidogo.

Kome hula kwa kuchuja maji ya bahari. Vijimea fulani visivyoonekana kwa macho vikizidi majini, sumu yao hurundikana katika nyama yake, naye mwenyewe hadhuriki. Mlaji hufa ganzi midomo, kisha vidole. Sumu ikiwa nyingi, misuli ya kupumua hulegea. Dawa ya kuivunja hakuna. Mgonjwa hupumulishwa kwa mashine mpaka mwili uitoe. Ladha haibadiliki, harufu haibadiliki, na kuchemsha hakusaidii. Pemba wanalijua jambo la jinsi hiyo: Machi 2024, katika Kisiwa Panza, watoto 8 na mama mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa.

Kome wetu sisi watu wa bara ni mahindi. Mwaka 2004 sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini iliwafanya watu 317 nchini Kenya waugue, ikaua 125 kati yao. Makueni na Kitui ziliumia zaidi, ndiyo maana wengi hudhani lile lilikuwa balaa la Ukambani tu. Wilaya yetu ya wakati huo, Thika, nayo ilikuwamo.

Mahindi yalikuwa yamewekwa na unyevu, mengine ndani ya nyumba, yakaota kuvu. Sumu ya kuvu hiyo hushambulia ini: macho huwa ya manjano, tumbo hujaa maji. Githeri ya mahindi hayo ichemke kutwa nzima, sumu imo.

Mkulima huambiwa akaushe mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie chumvi kavu na mahindi katika chupa kavu, atikise. Chumvi ikigandama kwenye chupa, bado. Ushauri mzuri, ila mpangaji wa hapa hakuvuna chochote. Ananunua mahindi kwa gorogoro dukani na kuyapeleka kwenye kinu. Kumbebesha yeye lawama yote ni uonevu. Kipimo kinatakiwa kwa mfanyabiashara wa magunia, kabla ya kinu. Mama atachambua na kutupa punje zilizobadilika rangi au kuoza, ingawa punje safi kwa macho nayo yaweza kuwa na sumu. Tena asimpe ng'ombe zile mbovu, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Kwenu wahudumu: mkiona watu wawili wa nyumba moja wamegeuka manjano, msikimbilie kusema ni homa ya ini ya kuambukizana. Ulizeni mahindi yalinunuliwa wapi na lini, wekeni kiasi cha mahindi hayo kando kwenye mfuko wa karatasi, kisha wapelekeni wagonjwa hospitali siku hiyohiyo pamoja na mfuko huo.